Barua pepe za siri: nani anashika ufunguo?

Huku kwetu Kivu, mtu akitaka kutuma ushuhuda wa mauaji, wa ubakaji au wa kijana aliyechukuliwa usiku, wenzake humshauri atumie barua pepe ya siri, kwani hiyo haisomwi na mtu. Ushauri huo una ukweli nusu. Nusu iliyobaki inaweza kumfikisha mwandikaji gerezani, au kufanya jina la shahidi lijulikane na watu wale wale aliowakimbia. Ndiyo sababu ni vizuri wakaaji, na zaidi ndugu zetu waliohama makwao, wajue historia ya huduma hizi na yale yaliyozipata.

Tuanze na barua yenyewe. Barua pepe ya zamani ilikuwa kama karatasi bila bahasha unayompa msafiri wa boti kati ya Goma na Bukavu: kila aliyeishika njiani aliweza kuisoma. Leo makampuni mengi yanaifunga njiani, lakini ikifika kwenye kompyuta zao wanaweza kuifungua. Huduma za siri zinaahidi jambo kubwa zaidi: maandishi yanageuzwa kuwa mafumbo ya namba kwenye chombo cha mwenyewe, na anayeandikiwa peke yake ndiye mwenye ufunguo wa kuyasoma.

Mnamo mwaka 1991, Mmarekani Phil Zimmermann, mtu aliyekuwa akipinga silaha za nyuklia, alitoa bure programu iitwayo PGP ili raia wa kawaida aweze kufunga barua zake namna hiyo. Wakati ule sheria ya Marekani ilihesabu mafumbo yenye nguvu kuwa kama silaha, na kuyapeleka nchi za nje bila ruhusa lilikuwa kosa. Zimmermann alichunguzwa kwa takriban miaka 3. Mwaka 1995 maandishi ya programu yake yalichapwa kama kitabu, kwa sababu kitabu kina haki ya kuvuka mpaka. Mwezi wa kwanza mwaka 1996 uchunguzi ulifungwa bila yeye kushitakiwa.

PGP ilikuwa na nguvu, lakini ilikuwa ngumu kwa watu wengi. Kila mmoja alipaswa kutengeneza funguo zake na kuzitunza. Hapo ndipo yalipotokea makampuni yaliyosema: tuachieni kazi hiyo, ninyi andikeni tu. Na hapo swali likabadilika. Badala ya kuuliza kama kufuli ni imara, ilibidi kuuliza nani anashika ufunguo.

Hushmail ya Kanada, iliyoanza mwaka 1999, ilikuwa mojawapo ya kwanza. Mwanzoni kazi ya kufunga barua ilifanyika kwenye kompyuta ya mteja. Baadaye kampuni ikaongeza njia nyepesi, ambayo neno la siri la mteja lilipita kwa muda mfupi kwenye kompyuta za kampuni. Muda huo mfupi ulitosha. Mwaka 2007, karatasi za mahakama ya Marekani katika kesi ya dawa za kujaza misuli zilionyesha kwamba Hushmail, kwa amri ya mahakama ya Kanada, ilikuwa imetoa barua za wateja 3, zikijaza CD 12, na zote zikisomeka. Kampuni haikuwa imevunja sheria. Ilikuwa imetii sheria ya nchi yake.

Kisa cha pili kilitokea Texas. Ladar Levison alianzisha Lavabit mwaka 2004, na kufikia mwaka 2013 ilikuwa na wateja karibu 400,000. Mmoja wao alikuwa Edward Snowden, aliyetoa hadharani siri za upelelezi wa Marekani. Wapelelezi hawakutaka sanduku moja tu. Waliomba ufunguo mkuu wa huduma, ule uliolinda mawasiliano ya wateja wote. Levison aliutoa kwanza kwenye karatasi 11 zenye herufi ndogo sana zisizosomeka vizuri. Mahakama ikaamuru faini ya dola 5,000 kwa siku mpaka autoe kwa njia ya kutumika. Akautoa, kisha tarehe 8 mwezi wa 8 mwaka 2013 akaifunga huduma yote, huku amekatazwa kuwaeleza wateja sababu. Siku iliyofuata, kampuni nyingine, Silent Circle, ilifunga huduma yake ya barua pepe kabla ya kupokea amri yoyote.

Baada ya hapo watu wengi walitazama Uswisi, nchi isiyojiunga na upande wowote wa vita. Mwaka 2014, wanasayansi waliokutana kwenye kituo cha utafiti cha CERN, Geneva, walizindua ProtonMail. Walijifunza kutokana na waliotangulia: ufunguo wa kusoma barua unafungwa kwa neno la siri la mteja, nalo halifiki kwenye kompyuta za kampuni. Hata ikiamriwa, kampuni haiwezi kusoma barua zilizokwisha kufungwa.

Lakini mwaka 2021 ilijulikana kwamba Proton ilimsaidia polisi wa Ufaransa kumpata mwanaharakati wa mazingira. Polisi hao walipitia Europol na viongozi wa Uswisi, na amri ya Uswisi ikailazimisha kampuni kuandika namba ya intaneti ambayo mteja alitumia kuingia. Barua hazikusomwa. Ila namba hiyo ilisaidia kumtambua mtu. Kabla ya hapo tovuti ya kampuni iliwaambia watu kwamba kwa kawaida haihifadhi namba hizo. Baada ya kelele, maneno hayo yalibadilishwa.

Jina la nchi nalo lisitutulize kupita kiasi. Mwaka 2020 waandishi wa habari walifunua kwamba Crypto AG, kampuni nyingine ya Uswisi iliyouzia serikali zaidi ya 100 mashine za siri, ilikuwa imenunuliwa kisirisiri tangu mwaka 1970 na wapelelezi wa Marekani na wa Ujerumani. Serikali zile zililipa pesa ili zisikilizwe. Proton si Crypto AG: programu zake zimewekwa wazi ili wataalamu wazichunguze. Uwazi wa namna hiyo unasaidia kuliko bendera yoyote.

Mwaka huo huo wa 2020, mahakama ya Köln, Ujerumani, iliamuru huduma ya Tutanota itoe nakala za barua zinazoingia kwenye sanduku la mtu mmoja. Zile zilizofungwa toka kwa mwandikaji hazikuweza kusomwa. Zile zilizotoka kwenye barua pepe za kawaida zilifika wazi, na kampuni ililazimika kuzitoa kabla ya kuzifunga.

Visa hivi vyote vinafundisha jambo moja. Ahadi ya kampuni ina kikomo: siku amri ya mahakama inapofika, kampuni itatoa kila inachoweza kutoa. Kinachokulinda ni kile ambacho haiwezi kutoa hata ikitaka.

Kwa hiyo, anayetumia huduma hizi akumbuke haya. Ukiandika kutoka Proton kwenda Gmail bila kuweka neno la siri kwenye barua hiyo, Gmail inabaki na nakala inayosomeka. Kwenye Proton, kichwa cha barua hakifungwi kama barua yenyewe, basi usiweke humo jina la mtu wala la kijiji. Anayetuma, anayepokea na saa ya kutuma ni kama maandishi ya juu ya bahasha: yanaonekana, na peke yake yanaweza kueleza mengi.

Tena, visa tulivyohesabu ni vya nchi ambako anayetaka barua hupitia kwanza kwa hakimu. Huku kwetu, mtu mwenye silaha kwenye bariere anaomba simu na kuifungua mwenyewe. Wala hakuna mafumbo yanayosaidia ikiwa sanduku limeachwa wazi, ikiwa simu ni ya familia nzima kambini, au ikiwa picha uliyoituma ingali ndani ya simu. Toka kwenye sanduku lako kila ukimaliza. Futa picha baada ya kuhakikisha imefika. Usitumie neno la siri moja kwa kila kitu.

Kuhusu majina ya mashahidi, jambo salama zaidi ni la kale kuliko intaneti: patana na shirika unaloliandikia, mkikutana uso kwa uso, kila shahidi aitwe kwa namba au jina la kupanga, na jina la kweli lisiandikwe popote. Hapo hata barua ikifunguliwa, anayeisoma hatapata njia ya kufika kwenye mlango wa mtu.