Fumbo, Ufunguo na Dola: Mabishano juu ya Siri ya Maandishi

Kila lugha iliyokomaa ina njia zake za kusema na njia zake za kuficha. Sisi wasemaji wa Kiswahili hatukungoja kufundishwa jambo hili na mtu yeyote. Washairi wa mwambao walifumba na wenzao wakafumbua. Kanga humfikishia jirani ujumbe bila ya mvaaji kufungua kinywa. Na wenyeji wa Unguja walikuwa na kinyume, yaani usemi ambao silabi ya mwisho ya neno hutangulizwa mbele, hata kitabu kikawa bukita na mgeni akawa nimge. Edward Steere, aliyetunga kitabu cha sarufi ya Kiswahili huko Unguja katika karne ya 19, aliuona usemi huo unastahili kuandikwa, akautolea mifano kitabuni mwake.

Tunaanza na haya ili msomaji asidhani kwamba jambo tunalotaka kulieleza ni la wageni peke yao, ingawa kisa chenyewe kilitukia Marekani. Kati ya miaka ya 1970 na mwaka wa 2000 wataalamu wa hesabu na wa kompyuta wa nchi hiyo walibishana na serikali yao juu ya swali moja: je, mwananchi wa kawaida anayo haki ya kuandika barua ambayo hata dola haiwezi kuisoma? Katika mabishano hayo likazaliwa swali la pili, ambalo kwa watu wanaoshughulika na utamaduni lina uzito kuliko la kwanza. Programu ya kompyuta ni kitu gani? Ni andiko, kama ilivyo barua au shairi, au ni chombo, kama ilivyo bunduki? Sisi tunashikilia kwamba ni andiko, na tutaeleza sababu zetu kwa kufuata historia yenyewe.

Kwanza yapasa tuelewe udhaifu wa mafumbo ya kale. Siri ya kinyume imo katika kanuni yake; aliyeijua kanuni amejua yote. Hata mtu akibadilisha kila herufi kwa herufi nyingine, hajasalimika. Katika karne ya 9 mwanachuoni al-Kindi wa Baghdad aliandika risala akaonyesha kwamba herufi za lugha hazitumiki kwa kiasi kimoja, na kwamba anayezihesabu katika andiko lililofumbwa aweza kuifuata hesabu hiyo mpaka akafika kwenye maana. Mwalimu aweza kulithibitisha jambo hili darasani kwa ukurasa wowote wa gazeti la Kiswahili: wanafunzi wakihesabu, wataona herufi a imezishinda zote kwa mbali. Kwa hiyo mfumbaji aliyeweka z mahali pa a atakuwa amejitangaza mwenyewe.

Dawa iliyopatikana baadaye ni kuitenga kanuni na ufunguo. Kanuni iwe wazi kwa wote, kama vile kila fundi anavyojua kufuli linavyoundwa. Siri iwe katika ufunguo tu. Mwaka wa 1977 serikali ya Marekani ilitangaza kanuni ya namna hiyo, iliyobuniwa na kampuni ya IBM na kuitwa DES, itumike na idara zake kwa habari zisizo za kijeshi. Ufunguo wake ulikuwa wa biti 56, yaani funguo zilizowezekana zilipita 72,000,000,000,000,000. Kwa macho ya mtu asiyezoea hesabu hiyo ni bahari isiyovukika. Lakini Whitfield Diffie na Martin Hellman wa Chuo Kikuu cha Stanford walisema waziwazi kwamba ufunguo ni mfupi mno, na kwamba dola yenye fedha za kutosha ingeweza kuunda mashine ya kuujaribu kila ufunguo. Walipuuzwa na wakubwa. Mwaka wa 1998 chama kimoja cha kutetea haki za raia katika mambo ya kompyuta, Electronic Frontier Foundation, kiliunda mashine hiyo kwa gharama isiyofika dola 250,000, nayo ikaupata ufunguo kwa saa 56.

Watu hao wawili hawakuishia kulaumu. Mnamo Novemba 1976 walichapisha makala iliyobadilisha elimu nzima ya mafumbo. Tangu zamani taabu kubwa ilikuwa ni kupelekeana ufunguo: nitakupaje ufunguo nawe uko mbali, na njiani wamejaa wadukuzi? Wazo lao laweza kuelezwa kwa mfano wa makufuli. Tuseme Asha wa Tanga anagawa makufuli yaliyo wazi kwa kila atakaye, bali ufunguo anabaki nao nyumbani. Mtu yeyote aweza kutia barua kashani na kulibana kufuli la Asha. Akishalibana, hata yeye mwenyewe hawezi kulifungua tena. Ni Asha tu. Mwaka uliofuata Rivest, Shamir na Adleman wa chuo cha MIT walipata njia ya kulitimiza wazo hilo kwa hesabu. Walitumia jambo ambalo mwanafunzi wa sekondari analifahamu: kuzidisha namba tasa mbili kubwa ni kazi nyepesi, lakini kuirudia namba iliyopatikana na kuzitafuta zile mbili zilizoizaa ni kazi ngumu kupita kiasi.

Hapo ndipo dola iliposhtuka. Mnamo Julai 1977 mtumishi mmoja wa shirika la ujasusi wa mawasiliano la Marekani, NSA, aliandika barua kwa chama cha wahandisi akionya kwamba kuyasoma matokeo hayo mbele ya mkutano wenye wageni kungeweza kuwa ni kuvunja sheria ya kusafirisha silaha. Shirika lake lilisema kwamba aliandika kwa hiari yake mwenyewe. Hata hivyo woga ulikuwa umekwisha kupandwa. Mnamo Oktoba mwaka huo, katika mkutano uliofanyika kwenye Chuo Kikuu cha Cornell, wanafunzi wawili wa Hellman, Ralph Merkle na Steve Pohlig, walikuwa wasome makala zao. Mawakili wa chuo wakashauri kwamba Hellman, aliyekuwa na cheo cha kudumu, azisome yeye. Kama ni kushtakiwa, ashtakiwe mwenye kinga. Wanafunzi wakasimama kando yake, kimya, mwalimu wao akiisema kazi yao. Hatujui picha nyingine inayoonyesha kwa uwazi zaidi hali ya elimu inapoitwa silaha.

Zaidi ya hayo, kuficha huko hakukuleta faida iliyotarajiwa. Katika idara ya siri ya Uingereza, GCHQ, James Ellis alikuwa amekwisha kuliwaza wazo hilohilo kufikia mwaka wa 1970, na wenzake Clifford Cocks na Malcolm Williamson wakalikamilisha mwaka wa 1973 na 1974. Kazi yao ikafungiwa kabatini. Serikali yao ilipoitangaza mnamo Desemba 1997, Ellis alikuwa amefariki mwezi mmoja kabla, na ulimwengu ulikuwa umeipata elimu hiyo kwa njia nyingine miaka 20 iliyopita.

Hadi mwisho wa miaka ya 1980 mabishano yalikuwa ya wasomi. Kompyuta ndogo za nyumbani ziliyafikisha kwa watu. Mwaka wa 1991 mswada uliletwa katika Baraza la Senate la Marekani wenye kifungu kilichotaka vyombo vya mawasiliano viiwezeshe serikali kuyapata maneno ya watu yakiwa wazi, pale inaporuhusiwa na sheria. Phil Zimmermann, mtunga programu wa Boulder katika jimbo la Colorado, alikazana kuimaliza programu yake aliyoiita PGP kabla ya mswada haujapita, na mnamo Juni mwaka huo ikatolewa bure. Kifungu chenyewe hakikupita. Lakini programu ilivuka mipaka kwa mitandao ya kompyuta, na mwaka wa 1993 Zimmermann akaanza kuchunguzwa kwa kosa la kusafirisha silaha bila ya kibali. Uchunguzi ulidumu hadi Januari 1996, ukaachwa bila ya mashtaka.

Sasa tufike kwenye lile swali la andiko na chombo. Mwaka wa 1994 mhandisi Phil Karn aliiuliza serikali kama kitabu cha Bruce Schneier kiitwacho Applied Cryptography, chenye programu za kufumba zilizochapwa kurasani, kiliruhusiwa kupelekwa nje. Akajibiwa kwamba kinaruhusiwa. Akauliza tena: na disketi yenye programu zilezile? Akajibiwa kwamba disketi ni silaha, yahitaji kibali. Hapana budi msomaji atue hapa kidogo. Maneno ni yaleyale, hata nukta na mikato; tofauti ni kwamba moja linasomwa na jicho na jingine na mashine. Mtu mwenye subira ya kupiga chapa aweza kukigeuza kitabu kuwa disketi kwa siku chache. Na hivyo ndivyo watu walivyofanya. Chapa ya MIT ilitoa programu ya Zimmermann katika umbo la kitabu mwaka wa 1995. Na mwaka wa 1997 toleo jipya lilichapwa katika vitabu vyenye zaidi ya kurasa 6,000, vikasafirishwa kihalali mpaka Ulaya, na huko watu wa kujitolea wakavipitisha chini ya mashine za kunakili mpaka programu ikasimama tena nzima. Sheria ilikuwa inatekelezwa kwa barua, na maana yake imekwisha kutoroka.

Wakati huo Daniel Bernstein, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alikuwa ametunga kanuni yake ya kufumba na kuambiwa kwamba hana ruhusa ya kuichapisha bila ya kibali. Mwaka wa 1995 aliishtaki serikali. Hakimu Marilyn Patel aliamua mwaka wa 1996 kwamba programu iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta ni usemi, nao unalindwa na katiba kama usemi mwingine. Mahakama ya rufani ikaunga mkono mwaka wa 1999, ingawa hukumu hiyo iliondolewa baadaye ili shauri lisikizwe upya, na kabla halijasikizwa serikali ikalegeza kanuni zake, Januari 2000.

Hoja ya Hakimu Patel yatupendeza kwa kuwa ni hoja ya lugha. Wapinzani walisema programu si usemi kwa sababu inafanya kazi. Lakini mbona dua hufanya kazi, na talaka hufanya kazi, na hati ya mahari hufanya kazi? Maneno ya hakimu mwenyewe anapohukumu humpeleka mtu gerezani. Kutenda hakulinyimi neno uneno wake. Kisha programu huandikwa na mtu ili mtu mwenziwe aisome, aisahihishe, aibishie. Na kwa hakika walimu wa somo hilo hutumia muda mwingi kuwasihi wanafunzi waandike kwa namna ambayo binadamu ataelewa.

Tusiwaonee wa upande wa pili. Wakuu wa polisi walikuwa na hoja: mtekaji nyara na mlanguzi hutumia simu kama mtu mwema, na hakimu akishatoa hati ya kuruhusu kusikiliza, haifai polisi wakute kasha lisilofunguka. Kwa sababu hiyo mnamo Aprili 1993 serikali ya Marekani ilipendekeza kifaa kiitwacho Clipper. Kingefumba simu za watu kwa nguvu, bali nakala ya ufunguo ingegawanywa vipande viwili na kuwekwa na idara mbili za serikali. Mwaka wa 1994 Matt Blaze, mtafiti wa kampuni ya AT&T, alionyesha kwamba mtumiaji mjanja aweza kukihadaa kifaa hicho kikafumba bila ya kuiachia serikali ufunguo wake. Watu hawakukinunua, na miaka michache baadaye kikasahauliwa. Kwa maoni yetu kasoro iliyogunduliwa haikuwa kubwa kuliko kasoro ya wazo lenyewe: mlango wa nyuma haumwulizi apitaye kama ana hati.

Kwamba hofu hiyo haikuwa ya bure kulionekana mnamo Juni 2013, pale Edward Snowden alipotoa nyaraka za NSA kwa magazeti. Zilionyesha kwamba kumbukumbu za simu za mamilioni ya Wamarekani zilikuwa zikikusanywa, za washukiwa na za wasio na hatia pamoja. Baada ya hapo makampuni yaliharakisha kufumba. Mwaka wa 2016 WhatsApp ilikamilisha kufumba ujumbe wote toka mtu hadi mtu, na tangu hapo mfanyabiashara wa Kariakoo anayemwuliza mwenziwe wa Mwanza bei ya dagaa hutumia hesabu iliyotokana na ile ya Diffie na Hellman, bila ya kuwa na haja ya kuwajua.

Kwa hiyo swali limekwisha kufika kwetu. Haki za binadamu zilipoingizwa katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano mwaka wa 1984, ibara ya 16 ilitaja hifadhi ya mawasiliano binafsi ya mtu, ikiiachia sheria ieleze ni lini na kwa utaratibu gani yaweza kuingiliwa. Mwaka wa 2022 Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mnamo Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliwataka wanaotumia VPN, yaani programu zinazofumba njia ya mtu mtandaoni, wajiandikishe kabla mwezi haujaisha. Wako waliosema kwamba hatua hiyo ni ya kulinda watoto na maadili; wako waliouliza kufumba kuna maana gani ikiwa mfumbaji atatoa kwanza anuani yake. Wanafunzi wanaosoma somo la kompyuta katika shule zetu watayakuta mabishano hayo yakiendelea, na safari hii yanaendeshwa kwa Kiswahili.