MG Metro 6R4: Gari la Birmingham lililochelewa kufika

Mwezi Novemba mwaka 1985 gari dogo lililoundwa katika kiwanda cha Longbridge, kusini-magharibi mwa jiji la Birmingham, lilishika nafasi ya tatu katika mbio za RAC nchini Uingereza. Zilikuwa mbio zake za kwanza katika ubingwa wa dunia wa magari. Dereva alikuwa Mwingereza Tony Pond, na mbele yake walitangulia Henri Toivonen na Markku Alen, wote raia wa Finland, wakiendesha magari ya Lancia.

Wengi waliamini kwamba msimu wa 1986 ungekuwa wa gari hilo, MG Metro 6R4. Haukuwa. Kabla ya mwaka huo kufika nusu, kanuni zilizoliruhusu gari hilo kuwepo zilikuwa zimekwisha hukumiwa kufutwa.

Wasomaji wa Afrika Mashariki huenda wasilitambue jina la Longbridge, lakini bidhaa zake waliziona barabarani. Kiwanda hicho kilianzishwa na Herbert Austin mwaka 1905, na ndicho kilichotengeneza magari ya Austin na yale madogo ya Mini. Mwaka 1975 serikali ya Uingereza iliitaifisha kampuni mama ya British Leyland ili kuinusuru isifilisike. Gari la Metro, lililozinduliwa Oktoba 1980, lilitarajiwa kuokoa maelfu ya ajira mjini Birmingham. Ushindi katika mashindano ulikuwa njia moja ya kuwavutia wanunuzi.

Kanuni za Kundi B

Tangu mwaka 1982 mashindano ya rali ya dunia yaliendeshwa chini ya kanuni zilizojulikana kama Kundi B. Kampuni ilitakiwa kutengeneza magari 200 tu ya aina moja, kisha iliruhusiwa kuunda mengine 20 yenye nguvu zaidi kwa ajili ya mashindano. Kwa idadi ndogo kiasi hicho, hapakuwa na haja tena ya gari la mbio kufanana na lile linalouzwa dukani, ila kwa sura tu.

Austin Rover, kampuni tanzu ya British Leyland, iliwakabidhi kazi hiyo wahandisi wa Williams, timu ya mbio za Formula One. Mhandisi wao mkuu, Patrick Head, alisimamia usanifu. Mchoro wake haukubakiza mambo mengi ya Metro ya kawaida. Injini iliondolewa mbele na kuwekwa nyuma ya viti, ikageuzwa ili giaboksi ielekee upande wa mbele wa gari, na nguvu ikagawiwa kwa magurudumu yote manne. Ili gari lisiwe refu kupita kiasi, difu ya nyuma ilibanwa ubavuni mwa injini, na mhimili mmoja wa kuzungusha gurudumu ukapitishwa ndani ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Mabawa makubwa yaliwekwa mbele na nyuma ili hewa ilikandamize gari ardhini. Uzuri wa umbo haukuwa miongoni mwa sifa zake.

Jina lenyewe lilieleza kilichomo: 6 ni idadi ya silinda, R ni rali, na 4 ni magurudumu yanayosukuma.

Injini isiyo na turbo

Uamuzi mkubwa kuliko yote ulihusu injini. Kufikia wakati huo Audi na Peugeot walikwisha kuonyesha nguvu ya turbo, kifaa kinachozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda. Watu wa Metro walikataa kuifuata njia hiyo. Injini ya gari lao ingevuta hewa yenyewe, kama injini ya gari la kawaida.

Sababu zao zilikuwa na mantiki. Turbo za miaka ile zilikuwa na kasoro moja kubwa: dereva akikanyaga mafuta, nguvu ilichelewa kuja, kisha ikaja yote kwa mpigo. Katika njia nyembamba ya msituni, kuchelewa huko kulitosha kulitoa gari nje ya kona. Turbo pia ilizalisha joto kali na kuongeza vipuri vya kuharibika. Zaidi ya hayo, kanuni zilizidisha ukubwa wa injini ya turbo kwa 1.4, hivyo injini ya Peugeot ya sentimita za ujazo 1,775 ilihesabiwa kama ya karibu 2,500.

Gari la majaribio lilionyeshwa hadharani mwaka 1984, likitumia injini ya muda iliyotokana na ile ya Rover yenye silinda nane, mbili zikiwa zimeondolewa. Baadaye mhandisi David Wood alisanifu injini mpya kabisa, ya sentimita za ujazo 2,991, yenye silinda sita na valvu 24. Katika magari ya kiwanda ilitoa nguvu za farasi takriban 410. Magari yaliyouzwa kwa madereva wa kawaida yalikuwa na nguvu za farasi 250.

Tatizo lilikuwa muda. Gari halikuidhinishwa rasmi hadi tarehe 1 Novemba 1985, na wapinzani hawakukaa kusubiri. Lancia Delta S4, ambalo nalo lilianza katika mbio zile zile za RAC, lilikuwa na vifaa viwili vya kusukuma hewa: kimoja kilizungushwa na injini yenyewe na kufanya kazi tangu mwendo wa chini, cha pili kilikuwa turbo, kwa mwendo wa juu. Hivyo udhaifu ule ambao Metro iliundwa ili kuukwepa ulikuwa tayari umepatiwa dawa na wengine.

Mwaka 1986

Msimu ulianza vibaya. Katika mbio za Monte Carlo, Sweden, Ureno na kisiwa cha Corsica, hakuna Metro hata moja ya kiwanda iliyofika mwisho. Mara nyingi kisa kilikuwa injini ile mpya, ambayo haikuwa imepata muda wa kutosha wa kujaribiwa.

Safari Rally ya Kenya haikuwamo katika ratiba ya timu hiyo. Huenda ilikuwa busara. Mwaka huo Safari ilichukuliwa na Björn Waldegård wa Sweden akiendesha Toyota Celica, gari la Kundi B lililosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee. Katika vumbi na matope ya Kenya uimara ulishinda ustadi wa maabara.

Kushindwa kwa Metro, hata hivyo, kulifunikwa na mambo mazito zaidi. Tarehe 5 Machi, nchini Ureno, gari la Ford lililoendeshwa na Joaquim Santos liliacha njia na kuwaparamia watu waliojazana kando ya barabara. Watazamaji watatu walifariki na zaidi ya 30 walijeruhiwa. Madereva wa timu za viwanda, wale wa Metro wakiwamo, walikataa kuendelea na mbio.

Tarehe 2 Mei, huko Corsica, Lancia ya Toivonen ilitumbukia bondeni na kuwaka moto. Toivonen na mwelekezi wake, Sergio Cresto, walikufa papo hapo. Muda mfupi baadaye rais wa shirikisho la mchezo huo, FISA, Mfaransa Jean-Marie Balestre, alitangaza kwamba magari ya Kundi B hayangeruhusiwa katika ubingwa wa dunia kuanzia mwaka 1987.

Kwa Longbridge, magari 200 yaliyounganishwa kwa jasho na fedha za umma yalikuwa na miezi michache tu ya uhai katika ngazi hiyo. Mengi hayakuwa yamepata wanunuzi, na bei ikalazimika kushushwa.

Jambo la kusikitisha ni kwamba gari lilianza kutulia baada ya hukumu hiyo kutolewa. Nchini Finland, kwenye mbio za Maziwa Elfu, Metro tatu ziliingia katika kumi bora: Per Eklund wa saba, Harri Toivonen, ndugu yake marehemu, wa nane, na Malcolm Wilson wa kumi. Katika mbio za RAC za mwisho wa mwaka, Pond alishika nafasi ya sita. Nje ya ubingwa wa dunia mambo yalikuwa bora zaidi, kwani Didier Auriol alitwaa ubingwa wa Ufaransa wa 1986 akiwa na gari hilo hilo. Auriol alikuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1994.

Wilson naye alifika Kenya kwa njia nyingine. Kampuni yake ya M-Sport ndiyo iliyotayarisha Ford Focus ambazo Colin McRae alishindia Safari Rally mwaka 1999 na 2002.

Kilichobaki

Injini ya Metro iliuzwa kwa kampuni ya Tom Walkinshaw, nayo ikawa msingi wa injini ya Jaguar XJ220, gari la kifahari la miaka ya 1990. Humo ilifungwa turbo mbili. Mwingereza Will Gollop alifanya vivyo hivyo na Metro yake, akatwaa ubingwa wa Ulaya wa rallycross mwaka 1992. Injini iliyosanifiwa ili kuthibitisha kwamba turbo haihitajiki ilipata heshima yake kubwa baada ya kuwekewa turbo.

Kiwanda cha Longbridge hakikuwa na bahati hiyo. Kampuni ya MG Rover ilifilisika Aprili 2005 na wafanyakazi wapatao 6,000 wakapoteza kazi. Jina la MG sasa ni mali ya kampuni ya SAIC ya China, na sehemu kubwa ya eneo la kiwanda imejengwa nyumba, maduka na chuo. Magari ya 6R4 yaliyosalia bado huonekana katika mbio ndogo za Uingereza na Ireland.