Liemba, Meli ya Kigoma Iliyozama Ikaibuka

Mwaka 1913, katika mji wa Papenburg nchini Ujerumani, mafundi wa kiwanda cha Meyer walimaliza kuunda meli kubwa ya chuma, kisha wakaanza kuifungua kipande kwa kipande. Meli hiyo ilitakiwa Ziwa Tanganyika, na hakuna chombo kinachoweza kufika huko kwa kutokea baharini. Ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikavushwa hadi Dar es Salaam, kisha ikasafirishwa kwa Reli ya Kati, iliyokuwa imefika Kigoma mwanzoni mwa 1914.

Wahandisi watatu wa Papenburg walifuatana na mzigo huo ili kusimamia kazi ya kuiunga upya. Wakiwa bado kazini, Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza. Meli ya abiria na mizigo ikageuzwa manowari. Februari 1915 ilishushwa majini, ikiwa na urefu wa karibu meta 70, ikaitwa Graf von Goetzen kwa heshima ya gavana wa zamani wa koloni la Ujerumani la Afrika Mashariki. Hapakuwa na chombo kingine ziwani cha kupimana nayo ubavu.

Waingereza walijibu kwa boti mbili ndogo, kila moja ya meta 12 hivi. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, mtu aliyejulikana kwa kuvaa sketi kambini, alitaka ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wake wa jeshi la maji wakakataa. Akaziita Mimi na Toutou, majina ya kitoto ya Kifaransa ya wanyama walewale, na hayo yakapita. Boti zilitoka Uingereza kwa meli hadi Cape Town, zikapanda treni hadi Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji, kisha zikaburutwa juu ya milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke na maksai, huku mamia ya Waafrika wakifyeka njia na kujenga madaraja. Desemba 26, 1915, ziliiteka boti ya Kijerumani Kingani, nayo ikapewa jina la Fifi. Februari iliyofuata Waingereza wakaizamisha meli nyingine ya Kijerumani, Hedwig von Wissmann. Lakini Goetzen ilipojitokeza, Spicer-Simson alikataa kwenda kuikabili.

Hatima ya Goetzen iliamuliwa nchi kavu. Mizinga yake iliondolewa ikasaidie vita kwingine, na mahali pake ukawekwa mzinga wa mbao wa kumtisha adui. Majeshi ya Wabelgiji yalipoikaribia Kigoma, Julai 1916, Wajerumani waliamua kuizamisha meli yao wenyewe. Wahandisi waliotumwa kuiunga ndio waliopewa kazi hiyo, na hapo walifanya jambo la busara kuliko yote katika vita vile: waliipaka injini grisi nyingi, kisha wakaizamisha taratibu karibu na mdomo wa Mto Malagarasi. Walitumaini kwamba siku moja Wajerumani wenzao wangerudi kuiopoa.

Hawakurudi. Wabelgiji waliiopoa, ikazama tena. Mwaka 1924 Waingereza wakaitoa majini, wakakuta injini na boila bado zinafaa. Mei 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, na kwa miongo mingi ikawa usafiri wa vijiji vya mwambao kutoka Kigoma hadi Mpulungu, Zambia. Mahali pengi hapakuwa na gati, kwa hiyo abiria, samaki na magunia ya nafaka yalifuatwa na mitumbwi katikati ya maji.

Visa vya sketi na mzinga wa mbao vinafurahisha, na ni vya kweli. Lakini kisa kikubwa zaidi cha Kigoma ni kazi ambayo meli hii imefanya tangu bunduki ziliponyamaza. Mwaka 1997 ilirudisha maelfu ya wakimbizi makwao Kongo, iliyokuwa ikiitwa Zaire. Mei 2015, Warundi waliokimbia machafuko walipojazana katika kijiji cha Kagunga, kilichozingirwa na milima, Liemba ilikwenda kuwachukua, mamia kwa kila safari, ikawafikisha Kigoma salama. Manowari iliyotumika kutawala ziwa imewaokoa watu wa ziwa hilo. Kwa sababu hiyo Liemba inastahili kutunzwa, na historia yake ifundishwe pamoja na ya waliobeba, waliofyeka na waliosafiri, si ya makamanda peke yao.