Kamĩrĩĩthũ: Wanakijiji Walipowasahihisha Wahadhiri

Kila mwaka vyuo vikuu vyetu huandaa siku za kukutana na jamii. Mabanda husimamishwa, mgeni rasmi hukaribishwa, na wananchi hupita wakitazama kazi za sanaa, vitabu na mitambo. Jioni mabanda hubomolewa, na ripoti hutaja idadi ya waliohudhuria. Kabla hatujaridhika na idadi hiyo, yafaa tukumbuke kisa kimoja cha Kenya ya miaka ya 1970.

Kamĩrĩĩthũ ni kijiji cha Limuru, kaskazini-magharibi mwa Nairobi. Kilizaliwa katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, wakoloni walipowarundika watu pamoja ili kuwatenga na wapiganaji wa Mau Mau. Baada ya uhuru, wengi wa wakazi wake walikuwa wakulima wadogo, vibarua wa mashamba na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu kilicho jirani. Mwaka 1976 walikifufua kituo chao cha elimu na utamaduni. Miongoni mwa waliojiunga nao walikuwa watu wawili kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi: Ngũgĩ wa Thiong'o, mkuu wa Idara ya Fasihi, na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, aliyeshughulikia elimu ya watu wazima.

Wawili hao waliandika rasimu ya tamthilia ya Kikuyu, *Ngaahika Ndeenda*, ambayo baadaye ilitafsiriwa kwa Kiswahili kama *Nitaolewa Nikipenda*. Mazoezi yalifanyika hadharani, na rasimu ya wasomi ikapasuliwa na wenye lugha yao. Wazee walisahihisha namna mzee anavyosema, na nyimbo zikarekebishwa na waliozijua tangu utoto. Wafanyakazi wa kiwandani walikaa chini wakapiga hesabu ya thamani ya viatu wanavyotengeneza kwa siku moja, wakailinganisha na mishahara yao, kisha wakawaeleza wale ambao hawajawahi kufanya kazi kiwandani. Hiyo ilikuwa mihadhara ya uchumi, na wahadhiri walikuwa wanafunzi.

Ufundi nao haukuagizwa kutoka mjini. Mfano wa jukwaa ulitengenezwa kwa njiti za kiberiti na mfanyakazi wa ofisini, na wanakijiji wenyewe wakajenga ukumbi usio na paa, wenye nafasi ya watazamaji wapatao 2,000. Bunduki za maigizo zilichongwa na mtu yuleyule aliyewatengenezea wapiganaji wa msituni bunduki za kweli.

Onyesho la kwanza lilifanyika tarehe 2 Oktoba 1977. Watu walimiminika kwa mabasi na matatu. Tarehe 16 Novemba serikali ilifuta kibali cha maonyesho. Mwishoni mwa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini kwa takriban mwaka mmoja bila kufikishwa mahakamani. Alipoachiwa, hakurudishiwa kazi yake chuoni. Mwezi Machi 1982 ukumbi ule wa wanakijiji ulibomolewa.

Tujiulize: serikali iliyovumilia tamthilia za Kiingereza katika kumbi za mji mkuu iliogopa nini hapa? Naamini iliogopa kumwona kibarua akijua kupiga hesabu ya jasho lake, tena kwa lugha yake, mbele ya watu 2,000. Maarifa yaliyofungiwa maktabani hayakuwa yamemsumbua mtu.

Historia hii inamdai kila mmoja wetu jambo. Mtumishi wa umma akumbuke kwamba Kamĩrĩĩthũ ilinyamazishwa kwa karatasi ya ofisini kabla ya kunyamazishwa kwa nguvu. Kuna mkono uliotia saini. Mwanaharakati akumbuke kwamba wanakijiji hawakusubiri kusemewa. Nasi wa vyuoni, tunapoandaa siku nyingine ya jamii, tutaje katika ripoti zetu jambo moja zaidi ya mahudhurio: ni kitu gani tulichokiandika sisi, na wananchi wakakisahihisha?