Mhadhiri wa Garissa Asomee Ualimu Wapi?

Chuo Kikuu cha Garissa kilirithi majengo ya chuo cha walimu. Kilipoanza mwaka 2011 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, wahadhiri waliingia katika madarasa yaliyozoea kutoa mafunzo ya ualimu, ilhali sifa iliyowapa wao kazi ilikuwa shahada ya taaluma. Hali hiyo ni ya nchi nzima. Mwalimu wa shule ya msingi hasajiliwi na Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) bila mafunzo ya kufundisha. Mhadhiri anayemfundisha mwalimu huyo kemia au historia huulizwa kwanza kuhusu uzamifu wake, hasa tangu Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilipotoa viwango vyake vya mwaka 2014. Kwa wakufunzi wa ufundi mambo ni tofauti kidogo: sheria ya mwaka 2013 inawataka wawe na sifa na leseni ya mamlaka inayosimamia vyuo vyao.

Uzamifu una thamani yake na makala haya hayana ugomvi nao. Humfundisha mtu kulichimba swali moja kwa miaka. Haumfundishi kutambua kwa nini wanafunzi 30 kati ya 50 wamekwama mahali pamoja, na Kaskazini Mashariki ndiko ustadi huo unakohitajika zaidi. Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilitekwa na abiria 28 wakauawa, wakiwemo walimu waliokuwa wakienda likizo. Aprili 2, 2015 chuo cha Garissa chenyewe kilivamiwa na watu 148 wakapoteza maisha. Januari 2020 walimu waliuawa Kamuthe, na walimu wengi wasio wenyeji wakahamishwa kutoka Kaskazini Mashariki. Watu huhesabu waliokufa na waliohama. Ni nadra kumfuata mwanafunzi aliyebaki. Yule aliyempoteza mwalimu wa fizikia katikati ya kidato cha tatu huja chuoni na pengo hilo, na mtu wa kwanza kukutana nalo ni mhadhiri ambaye hakuna aliyemfunza la kufanya.

Basi afunzwe wapi? Kwa mkufunzi wa ufundi, jibu la mazoea limekuwa chuo cha Gigiri, Nairobi, kilichofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na chenye sifa inayostahili. Lakini kutoka Mandera hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 1,000 za barabara. Idara ikiwa na wakufunzi wawili wa umeme, kumpeleka mmoja masomoni ni kulifunga nusu ya somo. Mkuu wa chuo atakayeahirisha ruhusa hiyo mwaka baada ya mwaka hatakuwa mkaidi. Atakuwa anajua hesabu.

Njia nyingine imeshajaribiwa katika kaunti hiyohiyo ya Garissa. Kuanzia mwaka 2013, mradi wa elimu ya juu kwa wakimbizi uliovileta pamoja vyuo vikuu vya York na British Columbia vya Kanada na vile vya Moi na Kenyatta ulitoa mafunzo ya ualimu Dadaab. Waliosoma, wengi wao wakimbizi waliokuwa wakifundisha kambini bila cheti, pamoja na vijana wenyeji, walihudhuria kituo mjini Dadaab na kuendelea kwa intaneti. Vyeti vilikuwa vya vyuo hivyo hivyo vikuu. Kama mwalimu wa kambi ya Ifo au Hagadera aliweza kufikiwa alipo, ni vigumu kuona kwa nini mhadhiri aliyeko Garissa mjini asifikiwe.

Na mji hauanzi mikono mitupu. Una chuo kikuu kinachofundisha elimu kama taaluma, chuo cha walimu, politekniki ya kitaifa ya Kaskazini Mashariki na tawi la chuo cha mafunzo ya tiba. Kundi moja la wahadhiri na wakufunzi kutoka taasisi hizo nne lingeweza kusoma kwa mwaka mzima huku kila mmoja akiendelea na vipindi vyake, wakitazamana darasani na kuandika walichokiona. Mkufunzi wa uuguzi akimtazama mwenzake wa uashi atajifunza mengi kuhusu namna ya kuonyesha kazi kwa mikono.

Mafunzo ya papo hapo yana faida nyingine ambayo mtaala wa Nairobi hauwezi kuibuni. Wengi wa wanafunzi wa eneo hili walipitia dugsi, yaani shule ya kuhifadhi Kurani, kabla ya shule au sambamba nayo. Pale kila mtoto ana ubao wake na aya yake, na maalimu humsikiliza mmoja mmoja, anayekosea harukishwi. Kisha mwanafunzi huyo huyo, aliyekulia katika Kisomali, hutupwa katika ukumbi wa mihadhara ya Kiingereza ambamo hakuna anayemsikiliza mpaka siku ya mtihani. Mhadhiri hahitaji kuiga dugsi, na mimi sidai kwamba kuhifadhi kunatosha. Anahitaji kujua wanafunzi wake wamezoea kusahihishwa vipi, ili asidhani kimya chao ni uvivu.

Pingamizi nzito zaidi ni kwamba cheti cha mkoani kitadharauliwa. Ni kweli, kikiachwa kiwe cha mkoani. Kwa hiyo watahini watoke nje ya eneo, wawaone wahusika wakifundisha, na cheti kitambuliwe na tume ya vyuo vikuu pamoja na mamlaka ya ufundi. Kulazimisha peke yake hakufai: Uingereza iliwalazimu wahadhiri wapya wa vyuo vya kati kupata sifa za ualimu tangu mwaka 2001, ikaufuta wajibu huo mwaka 2013. Na gharama isimwangukie mhadhiri. Mpango wa TSC wa kuwaendeleza walimu kitaaluma, uliozinduliwa mwaka 2021, ulipingwa kwa sehemu kubwa kwa sababu kila mwalimu alitakiwa kujilipia shilingi 6,000 kwa mwaka. Mhadhiri wa muda, anayelipwa kwa saa na mara nyingi kwa kuchelewa, atakuwa wa kwanza kujitoa, na mara nyingi ndiye anayefundisha mwaka wa kwanza, mahali ambapo mapengo ya shule hujitokeza kwanza.