Tarehe ya Vibonzo Vilivyofungiwa

Toleo la kwanza la jarida la vibonzo la Action Comics lilitoka Marekani mwaka 1938, na ndani yake Superman alionekana kwa mara ya kwanza. Bei yake ilikuwa senti 10. Mtoto alilikunja akalitia mfuko wa nyuma, akalisoma kitandani, akampa ndugu yake, na Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja mama akalitoa pamoja na makaratasi mengine yaliyokusanywa kwa ajili ya vita. Nakala zilizosalia zilisalia kwa bahati zaidi kuliko kwa kutunzwa. Karatasi yenyewe ilikuwa ile duni ya magazeti, yenye asidi inayoila polepole hadi igeuke rangi ya chai na kumeguka vidoleni.

Mwaka 1970 Robert Overstreet, mkazi wa Cleveland katika jimbo la Tennessee, alichapa kitabu cha bei za vibonzo vya kale, na wafanyabiashara wakapata mahali pa kuanzia ubishi wao. Madaraja ya ubora yalikuwa ya maneno. Mgeni angeshangaa kusikia kwamba kitabu “kizuri”, kwa lugha ya soko hilo, ni kile kilichochakaa, mgongo umechanika kidogo na jalada limekunjamana. Aliyetaka kizuri hasa alipita hata “kizuri sana”, akapanda ngazi hadi “karibu kipya”. Na aliyeamua ngazi ni muuzaji, ambaye jicho lake lilikuwa kali wakati wa kununua, likaingia ukungu wakati wa kuuza.

Mwaka 1977 kijana muuza vibonzo wa Colorado, Chuck Rozanski, aliitwa kutazama nyumba ya mchoraji wa matangazo aitwaye Edgar Church. Alikuta maelfu kwa maelfu ya vibonzo, vilivyonunuliwa vipya tangu miaka ya 1930 na kupangwa kwa marundo katika hewa kavu ya Denver. Rangi ziling’aa kana kwamba wino haujakauka. Rozanski alidai bei za juu kuliko za Overstreet, na wateja wakalipa. Hapo ndipo soko lilipoanza kuamini kwamba nakala mbili za toleo moja si kitu kimoja.

Basi ukaja mnada wa intaneti. eBay ilianza mwaka 1995, na watu wasiojuana wakauziana kwa picha hafifu na ahadi. Mnunuzi hakuweza tena kukishika kitabu, kukinusa wala kukigeuza kwenye mwanga. Wauza sarafu walikwisha kupambana na tatizo hilo: kampuni zao za kupima, PCGS na NGC, zilianza kazi mwaka 1986 na 1987. Kundi la kampuni lenye NGC ndilo lililoanzisha CGC, iliyoanza kupima vibonzo mwaka 2000.

Utaratibu wake ni wa kikarani kabisa. Kitabu hutumwa kwa ada, kurasa zikahesabiwa, wapimaji zaidi ya mmoja wakakitazama, kila mmoja akitoa namba kati ya 0.5 na 10. Kisha hufungwa ndani ya kasha gumu la plastiki lenye lebo juu. Kuhesabu kurasa si upuuzi. Toleo la 181 la The Incredible Hulk, la mwaka 1974, ambamo Wolverine anatokea kwa hadithi nzima ya kwanza, lilichapwa likiwa na stempu ya kukata na kubandika. Watoto wengi walikata, kama walivyoambiwa. Jalada linaweza kung’aa na ndani mna tundu, na mnunuzi wa zamani aligundua hivyo akiwa amekwisha kulipa.

Lebo ya kawaida ni ya buluu. Iliyotisha watu ni ya zambarau, ya kitabu kilichokarabatiwa. Kabla ya hapo, mwenye kitabu cha thamani aliyempa fundi ajaze rangi iliyotoka au azibe pale palipochanika alijiona mtunzaji mwema. Zambarau ilipotoka, mtunzaji huyohuyo akaonekana kama mwenye gari lililogongwa na kupakwa rangi upya, na bei ikaporomoka. Lakini kukipiga kitabu pasi, yaani kukilainisha kwa unyevu, joto na mgandamizo hadi mikunjo ilale, hakukuhesabiwa ukarabati. Halafu kundi lilelile la kampuni likaja kuwa na tawi lake la kupiga pasi. Mimi siwezi kuyaona mambo hayo mawili chini ya paa moja nisikune kichwa.

Bei, hata hivyo, ilitii namba. Februari 2010 nakala ya Action Comics namba 1 yenye daraja 8.0 iliuzwa dola milioni 1. Mwezi uliofuata nyingine ya 8.5 ikapata milioni 1.5. Nusu alama, nusu milioni. Nakala iliyoibwa kwa mwigizaji Nicolas Cage mwaka 2000 ilipatikana 2011, ikapewa 9.0 na kuuzwa zaidi ya milioni 2 mwaka huohuo. Mwaka 2024 nakala ya 8.5 ilifika milioni 6. Hata vibonzo vya juzi, vilivyochapwa kwa malaki, vikawa na mbio zake: mtu hununua kumi ili apate kimoja cha 9.8, na vilivyobaki, ambavyo jicho la kawaida halitofautishi, anaviuza kwa hasara.

Kahawa nayo hupangwa madaraja, lakini mwisho wake ni kikombe. Kibonzo kilichofungiwa hakisomwi. Ukivunja kasha, umeitupa namba uliyoinunua. Jalada linatazamwa, kurasa za ndani zinakaa gizani.

Mwaka 2021 kampuni ya uwekezaji ya Blackstone ilinunua sehemu kubwa ya kundi linalomiliki CGC. Mwishoni mwa 2023 wakusanyaji wakagundua kwamba walaghai wameyachezea makasha, kitabu cha daraja la chini kikakaa chini ya lebo ya juu. Kampuni ikatangaza orodha ya mamia ya namba za kutiliwa shaka, na watu waliokuwa wakitazama lebo tu wakarudi kukitazama kitabu, kona kwa kona, wakilinganisha picha za zamani na mpya.

Nakala ya Action Comics namba 1 iliyotoka nyumbani kwa Edgar Church inasifiwa na wakongwe wengi kuwa bora kuliko zote zinazojulikana. Mwenye nakala hiyo, kwa inavyojulikana, hajaipeleka kupimwa.