Mnyoo Aliyesingiziwa Mauaji

Wasee, mwaka niliacha chuo nilipata kazi ya kuosha tanki la samaki wa maji chumvi kwa mzee mmoja hapa Nairobi. Asubuhi moja nikapata samaki amekufa, na minyoo wa rangi ya waridi, wenye manyoya meupe ubavuni, wanamla. Kesi imeisha, si ndio? Nikatoa jiwe moja moja, nikang'oa kila mnyoo. Vidole viliniwasha siku mbili. Wiki chache baadaye maji yakaanza kunuka na mwani ukafunika kioo. Mzee akaniuliza, "Kijana, sasa nani anakula mabaki chini ya mawe? Ni wewe?"

Sikuwa na jibu, so nikaanza kuchimba historia.

Miaka ya 1950, wafugaji wengi wa Ulaya na Marekani walipamba tanki na matumbawe yaliyokufa, yamesafishwa hadi yakawa meupe pe. Safi kama hospitali, na bado viumbe walikuwa wanakufa. Kule Jakarta, Indonesia, Lee Chin Eng akafanya kinyume. Alichukua mawe hai na maji kutoka baharini, akaongeza mapovu ya hewa, basi. Mwaka wa 1961 aliandika kuhusu mbinu hiyo katika jarida la Marekani, Tropical Fish Hobbyist. Siri ilikuwa kwenye mawe: bakteria wanaomaliza uchafu, konokono, sifongo, minyoo. Wadandiaji, kama wale wa mlango wa matatu, hawalipi nauli lakini wamefika.

Mwaka wa 1986 George Smit akawaandikia Wamarekani kuhusu tanki za matumbawe za mtindo wa Uholanzi. Watu wakazitaka, na mawe hai yakahitajika zaidi. Kila jiwe likaja na wageni wake, na wafugaji wakalazimika kujua nani ni nani.

Hapo ndipo mnyoo wangu aliharibiwa jina. Kila samaki akifa, yeye ndiye anapatikana na maiti. Lakini wengi wa aina yake hula kilichokufa tayari na chakula kilichobaki. Ni wazishi, si wauaji. Mwenzake aiptasia, kwa upande mwingine, anafanana na ua dogo la kahawia. Mgeni anamwona anafurahi. Kumbe anachoma matumbawe jirani kwa sumu, na ukimkatakata, vipande vinaota vipya. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Na usidhani minyoo wote ni watakatifu. Mwaka wa 2009, kwenye akwaria ya Newquay, Uingereza, matumbawe yalikuwa yanakatwa usiku na samaki kujeruhiwa. Wafanyakazi waliweka mitego, ikashindwa. Walipobomoa mawe moja baada ya lingine wakamkuta mnyoo wa zaidi ya mita moja, mwenye taya kali. Wakamwita Barry.

Kwa hivyo sura haitoshi, ukoo hautoshi, na kupatikana kwenye tukio hakutoshi. Wafugaji wazoefu hukaa usiku na tochi nyekundu, waone nani anafanya nini. Wanaangalia taya. Wanaangalia kama alichokula kilikuwa hai.

Binamu yangu hakupata mtu wa kumwangalia hivyo. Aliinama kumsaidia mtu aliyegongwa na bodaboda, akachukua simu ya majeruhi ampigie mamake. Mtu mmoja akapiga kelele, "Mwizi!" Aliokolewa na mama wa mboga aliyekuwa ameona kila kitu tangu mwanzo. Alama iko kwa paji la uso hadi leo.

Mimi nilihukumu minyoo kwa dakika tano. Siku hizi nikipata samaki amekufa, nazima taa kwanza, nakaa chini, natazama.